Usipochora Ufa Hutajengewa Ukuta

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya jiji imefika! Nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama wima kama askari. Mpango wa Mwaka wa Kufufua Mitaa umefunguliwa tena. Kila mwaka jiji huchagua mtaa mmoja na kuutengeneza: mitaro, taa, majengo ya umma, vyote. Sisi tumeomba miaka sita. Miaka sita tumekosa. Mwaka jana tulishindwa na mtaa ambao hata mbwa wake wanaonekana wamechana nywele.

Mwaka huu ni mwingine. Mwaka huu katibu wa kamati ya mtaa ni mimi.

Mke wangu anasema walinichagua kwa sababu ya mwandiko tu. Sikatai. Mimi ni mwandika vibao, mtoto wa mwandika vibao. Duka gani hapa halina herufi zangu?

Tunachohitaji kinajulikana. Kwanza ukumbi, uliofungwa mwaka wa tisa sasa kwa sababu ya paa kuvuja. Maneno UKUMBI WA WATU pale juu ya mlango aliyaandika marehemu baba kwa mkono wake. W zake mbili mpaka leo hazina mpinzani. Pili, mtaro. Umeukata mtaa katikati, na kivuko chake cha zege kilivunjika miaka miwili iliyopita. Vijana wanaruka. Wazee hawaruki. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi na anatembea kwa mkongojo, hajamgusa mdogo wake wa upande wa pili tangu siku hiyo. Kuonana wanaonana. Mmoja barazani, mwingine dirishani, wanapiga soga kwa kupayuka. Mtaa mzima unajua nilivyoharisha mwezi wa kwanza.

Wakaguzi wanakuja Jumamosi. Nina siku tano na kichwa kimoja. Kinatosha.

Jumatano, 5 Machi

Kikao cha kamati. Nilivaa koti.

Nimeeleza nadharia yangu kwa utulivu. Nani hupelekwa hospitali, mzima au mgonjwa? Mgonjwa. Basi jiji nalo hutibu mtaa mgonjwa. Kosa letu la miaka sita ni kufagia siku ya wakaguzi. Tunajipaka mafuta halafu tunalalamika daktari hatuoni! Nikapendekeza: tusifagie, tusipake chokaa, na wenye nguo chakavu wazianike mbele.

Bi Cherehani akainuka. Huyu ni mshonaji wa upande wa pili, mwenyekiti wa usafi, mwanamke ambaye hata akikusalimia unahisi amekupima kiuno. Akasema hakuna mtu anayewekeza kwa mtu aliyelala. Akasema jiji likiona wenyewe tumeshika fagio, litashika koleo. Kisha akatangaza kwamba akina mama wake wameshapanda maua kwenye makopo arobaini na watayapanga kando ya mtaro.

Makopo! Mtaa unahitaji zege, yeye analeta makopo.

Tukapiga kura. Nimeshindwa. Sitaandika kwa kura ngapi, ila upande wangu kulikuwa na umoja wa hali ya juu.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapata habari zote kutoka dirisha la pili. Akaniuliza kama ni kweli nimewaambia watu wazima waanike matambara. Nikamwambia, mama, ni mkakati. Akasema enzi zao ugonjwa huo uliitwa jina jingine.

Alhamisi, 6 Machi

Kiongozi wa kweli hasubiri kura. Asubuhi nimetoa gunia la takataka za uani kwetu nikazitawanya kwenye kona ya ukumbi. Kisanii. Ganda hapa, kopo pale, kiatu kimoja katikati. Nikarudi nyuma hatua tano kutazama. Ungelia.

Nimekwenda kunywa chai. Niliporudi pamefagiwa! Akina mama wa Bi Cherehani walikuwa wameshamaliza, na yeye mwenyewe akanishukuru mbele ya watu kwa kuwa mfano, maana wengine huona uvivu kusafisha ua na kutoa taka nje. Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo. Ningefanya nini?

Kile kiatu kilikuwa cha mke wangu. Anakitafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ni siku ya kuandikwa kwa wino wa dhahabu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nililala na msemo huo, nikaamka nao, na wakati nanyoa ndevu ukanigeukia kichwani: usipochora ufa hutajengewa ukuta! Nilijikata shavu kwa furaha.

Mimi ni mwandika vibao. Brashi kwangu ni kidole cha sita. Nimechanganya masizi ya jikoni, vumbi la mkaa na gundi ya unga wa ngano. Rangi ya maji, inafutika kwa sabuni. Jiji likishatuchagua nitaifuta, na nani atadhurika? Nikafunika ukuta wa mbele wa ukumbi kwa turubai nikaingia ndani yake na ngazi. Fundi wa vibao akipanda ngazi hakuna anayeuliza. Kinyozi alipouliza nilimwambia ni zawadi kwa mtaa. Si uongo.

Nimechora ufa mmoja mkubwa kutoka msingi hadi karibu na paa. Unaanza mnene, unapinda, unasita, unagawanyika mara mbili kama mto, halafu unakonda mpaka unakuwa unywele. Pembeni nikatia kivuli ili uonekane una kina. Nilipofika kwenye herufi za baba nikazikwepa kwa heshima. Hata ufa una adabu zake.

Nilipomaliza niliogopa kusimama chini yake. Mimi mwenyewe niliyeuchora!

Rangi ikabaki. Mkono nao ulikuwa umeshika moto. Nikaenda nyumbani nikapiga ufa mwingine kwenye ukuta wetu unaotazama mtaa, kuanzia dirisha la mama mkwe kushuka chini. Mke wangu aliuliza nafanya nini na ndoo. Nikasema naondoa ukungu. Akasema ni mara ya kwanza katika ndoa yetu kuniona nikisafisha ukuta, akaniletea uji. Dhamiri ilinigusa kidogo. Uji ulikuwa mtamu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu wamefika. Wawili. Afisa Maendeleo wa jiji, mama mmoja mwenye miwani na viatu vya kutembelea, na injinia kijana mwenye kofia ya plastiki iliyomzidi kichwa. Nikajitambulisha kwa vyeo vyangu vyote. Vilikuwa viwili.

Bi Cherehani aliwapitisha kwenye makopo yake. Afisa aliandika kitu. Akawaonyesha wasichana anaowafundisha kushona kwenye kibaraza cha ukumbi, mvua ikinyesha wanahamisha vyerehani wakiimba. Afisa aliandika tena. Mimi nilikuwa natabasamu tu. Nikasema moyoni, andika mama, andika, bado hujaona mtambo.

Nikavuta turubai.

Injinia alirudi nyuma akakanyaga kopo. Watu wakashika vinywa. Mtu mmoja akasema jana haukuwepo, mwingine akamjibu ndivyo nyufa zilivyo, huanza ndani. Injinia akaomba wote wasogee mbali. Jasho lilimtoka. Akapiga picha kutoka barabarani, hakuthubutu kukaribia. Nilijisikia kama baba siku ya harusi ya bintiye.

Halafu akakohoa akasema jengo hili halitengenezeki.

Sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie. Akasema ufa wa namna hii maana yake msingi umekwenda, na kwa sheria za jiji jengo la hivi halikarabatiwi, linabomolewa. Akatoa kopo la rangi nyekundu mfukoni, lile la kupuliza, akafunga macho nusu, akakimbia hadi ukutani, akapuliza alama ya X kubwa na kukimbia kurudi. Mkono mmoja wa X umepita juu ya herufi za baba. Umekata W zote mbili.

Nikaikunja turubai, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Njiani kurudi kwenye gari lao wakapita mbele ya nyumba yetu. Injinia akasimama. Akatazama ukuta. Akatikisa tena kile kikopo.

Amri imebandikwa mlangoni: majengo mawili hatari, wakazi wahame, kubomolewa ndani ya siku saba. Jumatatu injinia atarudi na Afisa kuthibitisha kwa vipimo. Mke wangu aliisoma kimya kimya mpaka mwisho, kisha akaikunja akaiweka chini ya bakuli la uji wa jana. Mama mkwe hakulia. Alitoa sanduku lake uvunguni akaanza kukunja kanga zake moja moja. Akasema atahamia kwa mdogo wake. Kisha akatazama mtaro, akakaa kitandani, akasema, "Kumbe hata kwa kufukuzwa sifiki."

Nimeshindwa kula. Nimejaribu mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Kumepambazuka tu nimetoka na ndoo, sabuni na tambara. Mpango ulikuwa rahisi: nifute ufa, nirudi, watu waamini ni muujiza. Nilianza na herufi za baba. Ile nyekundu haitoki kwa sabuni. Nikasugua hata vidole vikachubuka. Haitoki. Ufa wangu, mimi niliyeuona mkubwa, ukatoka kirahisi kama vumbi.

Nikasikia nyayo nyuma yangu. Fagio likaegeshwa ukutani.

"Katibu."

"Naam, Bi."

Akapitisha kidole kwenye ufa. Akakitazama kidole. Akanitazama mimi.

"Huu ufa unatoa masizi."

Nikaendelea kusugua.

"Na wa nyumbani kwako?"

"Nao."

"Na ule wa ukuta wa kinyozi?"

"Ule ni wa kweli," nikasema. "Haunihusu."

Nilidhani atapiga yowe. Ingekuwa mimi, ningepiga yowe. Yeye akakaa kwenye ngazi ya ukumbi, akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaomba maji ya ndoo yangu anawe uso, na nilipomwambia yana sabuni akacheka upya. Halafu akajifuta uso akasema kwamba hapa ndipo alipojifunzia kushona yeye mwenyewe, msichana wa miaka kumi na nne, na kwamba siku ya kwanza kabisa alijifunza kusoma neno WATU kwa kulitazama pale juu.

Sikulijua hilo. Nimeishi naye mtaa mmoja miaka thelathini.

Akaondoka. Baada ya robo saa nikasikia milango. Alikuwa anapita nyumba hadi nyumba. Hakuwaambia kwa nini. Aliwaambia tu kwamba jiji linarudi kesho na ukuta wa ukumbi ni mchafu. Wakaja! Kinyozi na taulo zake. Wasichana wa kushona na madumu ya maji. Muuza mkaa, ambaye kumwita yeye kusafisha ni mzaha, naye akaja. Vijana wakaweka mbao mbili nyembamba juu ya mtaro, maji yakawa yanapitishwa mkono kwa mkono kutoka ng'ambo. Mke wangu alikuwa na brashi ya chupa. Alisugua ukuta wa nyumba yetu, akaona weusi unavyotiririka, akanifuata ukumbini akiwa na ile brashi.

Alichoniambia hakihusu shajara hii.

Mpaka saa kumi ukuta ulikuwa mweupe, miti ya dari iliyooza imeshushwa, uwanja wa nyuma umefyekwa. Kuta za ukumbi ule, zikishaoshwa, kumbe ni nzuri! Imara kama meno ya ndama. Nilisimama katikati ya watu wale wote wenye mapovu hadi viwikoni na nikasikia kitu kinapanda kifuani. Mtaa gani mwingine ungetoka hivi? Nilijivunia.

Na ukifikiri vizuri, ni nani aliyesababisha watoke?

Jumatatu, 10 Machi

Vidole vimechubuka, herufi zangu leo ni za aibu, lakini lazima niandike.

Wamekuja saa nne. Injinia alibeba mashine ya kupimia yenye miguu mitatu. Alipofika mbele ya ukumbi akasimama. Akatazama picha zake. Akatazama ukuta. Akavua kofia, akaivaa. Akauliza kama huu ndio mtaa wenyewe. X nyekundu ilikuwa palepale, imekaa juu ya ukuta usio na hata mkwaruzo.

Afisa akauliza kwa upole nyufa ziko wapi.

Watu kama sitini, na ungesikia sisimizi akikohoa.

Ndipo dirishani ng'ambo ya mtaro mdogo wake mama mkwe akapaza sauti, maana yeye hajui kusema taratibu: "Zimeoshwa!"

Na mama mkwe kutoka barazani kwetu akamjibu: "Si ungenyamaza, wewe! Mtu anakaribia kufungwa!"

Afisa akavua miwani akaifuta. Akaenda hadi nyumbani kwetu, ambapo chini ya dirisha kulikuwa kumebaki kipande cha ufa, urefu wa mkono, mke wangu alikiacha makusudi kama ushahidi. Afisa akainama. Akakigusa. Akanusa kidole. Alipogeuka akasema amefanya kazi hii miaka kumi na moja, na kila mtaa huficha nyufa kwa rangi. "Huu ni mtaa wa kwanza," akasema, "kuniletea rangi ikajifanya ufa. Nani amefanya hivi?"

Bi Cherehani alikuwa karibu yake kabisa. Angeweza kuninyooshea kidole na mambo yangekwisha. Akasema, "Ni watu wa mtaa, mheshimiwa. Na walioosha ni watu wa mtaa."

Niliokoka! Jambo lilikuwa limekwisha. Lakini Afisa akainama tena kwenye kile kipande, akasema kama anayejisemea: "Lakini mkono huu! Tazama kivuli hiki. Huyu mtu ana kipaji kikubwa."

Mkono wangu ulipanda wenyewe.

Naapa sikuutuma. Ulipanda tu, kama wa mtoto darasani anayejua jibu. Nikajisikia nikisema kwamba hicho kipande si kitu, angeuona wa ukumbini kabla haujaoshwa, hasa pale ulipogawanyika. Mke wangu alifunika uso kwa kanga.

Injinia alitaka kuniandika mahali. Afisa akamzuia. Akaniuliza kwa nini. Nikaanza kueleza nadharia ya hospitali. Katikati ya maelezo macho yangu yakaenda juu ya mlango, kwenye W za baba zilizokatwa, nadharia ikanikimbia. Nikasema tu kwamba mama mkwe wangu hajamgusa mdogo wake miaka miwili. Sikukusudia kusema hilo.

Afisa alitazama baraza, akatazama dirisha, akatazama mtaro. Akaandika kwa muda mrefu.

Uamuzi: amri ya kubomoa imefutwa. Ombi letu litaendelea kufikiriwa, kwa sharti kwamba katibu asishike karatasi yoyote tena na kila kitu kitiwe saini na Bi Cherehani. Na katibu azirudishe herufi zilizo chini ya X kama zilivyokuwa, kwa mkono wake, bila malipo.

Kwa maneno mengine nimekabidhiwa upande wa sanaa.

Jumatano, 2 Aprili

TUMESHINDA!

Bi Cherehani ameisoma barua akiwa juu ya kiti chake cha kushonea. Mitaa tisa iliomba. Sisi ni wa kwanza. Kwenye hali ya majengo tulipata alama za kawaida. Kwenye ushiriki wa wakazi tulipata alama zote, na mtu wa jiji ameandika pembeni kwamba hajawahi kuona wakazi sitini wakisafisha jengo ambalo wameambiwa litabomolewa.

Alama zote! Nimewakumbusha watu kwamba kama jengo lisingepangiwa kubomolewa lisingesafishwa na watu sitini. Nimemkumbusha kinyozi, muuza mkaa, na fundi bomba ambaye alikuwa anapita tu. Bi Cherehani alinisikia. Akasema niendelee kuongea hivyo, atanishonea suti isiyo na mfuko hata mmoja, kwa kuwa sina kitu cha kuweka.

Sijaielewa. Nadhani ni sifa.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya ufunguzi. Nilivaa koti na tai.

Ukumbi una paa jipya, la bati la bluu. Mtaro umejengwa kwa mawe pande zote mbili. Taa nane! Herufi za baba nilizimaliza jana. Niliikwangua ile nyekundu kwa wembe siku kumi na mbili, milimita kwa milimita, na chini yake nikakuta alama za penseli alizochora baba kabla ya kupaka. Alikuwa ameikosea W ya pili. Aliifuta, akaianza upya, ikawa ile tunayoijua. Sikumwita mtu. Nikaifuata penseli yake, palepale alipopita.

Mheshimiwa kutoka jijini alihutubia. Akasema jiji halijengi mitaa, linawasaidia wanaoijenga. Akamwita Bi Cherehani mbele. Watu walipiga vigelegele hadi bati likajibu. Mimi nilikuwa mstari wa pili, kwenye kiti cha pembeni, nyuma ya nguzo. Ni mahali pazuri, pana kivuli.

Kisha kivuko. Kipana, cha zege, kina vyuma vya kushikilia kila upande. Ilikuwa imepangwa Mheshimiwa akate utepe na avuke wa kwanza. Akiwa bado anatafuta mkasi, mama mkwe akainua utepe kwa mkongojo, akapita chini yake. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Alivuka peke yake, hatua moja, mkongojo, hatua moja. Mdogo wake alikuwa ameshashuka, amesimama upande wa pili ameshika mlango wa nyumba yake kwa mikono yote miwili.

Walipofikiana hawakukumbatiana. Mdogo wake alimshika uso, akautazama upande huu na upande huu, akapiga kelele, kwa mazoea ya miaka miwili: "UMEZEEKA!"

"NA WEWE UMENENEPA!" mama mkwe akapayuka, pua kwa pua.

Halafu wakagundua. Wakanyamaza. Wakakaa kwenye benchi lililo mbele ya nyumba ya Bi Cherehani magoti yakigusana, wakaanza kunong'ona. Walinong'ona mchana kutwa. Kwa mara ya kwanza mtaa haujui wanasema nini. Nilipita karibu mara nne, sikuambulia kitu.

Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu. Amesema hajasahau, lakini leo amepumzika.

Sina haya kuandika: nilitazama mtaa huu wote, taa, bati, mawe, wasichana wakiingiza vyerehani ukumbini wakiimba, na nilivimba kwa fahari mpaka tai ikanikaba. Na nimejifunza. Naandika hapa kwa wino mweusi ili nisije nikasahau: sitachora ufa tena maisha yangu yote.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi nimekutana na kinyozi. Ana habari. Jana baada ya sherehe alimsikia Afisa akimwambia injinia kwamba mwakani fungu maalumu litakwenda kwa mitaa inayofurika maji ya mvua. Pampu! Mabomba mapana! Barabara kuinuliwa!

Mtaa wetu haujawahi kufurika. Uko mlimani.

Nimelifikiria jambo hili wakati wa chai. Ufa nimeapa, na kiapo ni kiapo. Lakini maji yakipanda ukutani huacha nini yakiondoka? Huacha mstari. Mstari mmoja tu wa matope, ulionyooka, nyumba hadi nyumba. Hiyo si kazi ya kuchora ufa. Hiyo ni kazi ya rula.

Nimeshapima. Magotini hautaonekana kutoka kwenye gari la wakaguzi. Shingoni watauliza mbona hakuna aliyekufa maji.

Kifuani. Tuwe wakweli.